Ubao wa Stoo ya Viazi

Kendi,

Umeenda Kiirua kumuaga nyanya yako, na kwa jinsi ninavyomjua mama yangu hutaachiliwa kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimefungia kuku, nimezima redio, na nimeketi kitandani mwako kwa sababu meza ya pekee isiyo na vyombo katika nyumba hii ni yako. Begi lako liko mlangoni limefura kama mbuzi aliyekula mahindi mabichi. Sitaligusa. Mambo ya sweta, dawa ya kikohozi na namba za watu wa kanisa walioko huko, baba yako ameyasema mpaka yamechakaa. Mimi nina jambo moja tu, na limenichukua miaka kumi na minne kulifikia.

Ukutani, juu ya meza hii, umebandika ile orodha yako. Nimeisoma tena leo polepole kama mtu anayechagua mbegu. Nyumba alimozaliwa mwandishi fulani. Mkahawa ambamo mwingine alishinda na kikombe kimoja cha chai akiandika. Maktaba yenye ngazi za mbao za kufikia rafu za juu. Duka la vitabu vikuukuu lililo chini ya ardhi. Makaburi mawili. Ni mahali kumi na saba kwa jumla, na umepigia mstari mwekundu pale pa Edinburgh, kwa kuwa ndiko unakoenda kusoma na utapafikia kwa miguu yako.

Siku ulipoibandika nilicheka. Nilimwambia baba yako, "Huyu msichana anavuka bahari akaangalie kitanda ya mtu amekufa." Baba yako, ambaye hajamaliza kitabu tangu atoke shule, akasema, "Hata mimi naenda, kama kuna chakula." Tukacheka wote watatu. Lakini mimi nilicheka zaidi ili msijue kwamba nami nimewahi kufunga safari ya namna hiyohiyo, nikiwa nimevaa nguo ya Jumapili na kubeba kikapu cha viazi. Nitafika huko. Kwanza lazima nipite stooni.

Unaujua ubao ninaousema. Ni wa nne kutoka pembeni, upande unaotazama mlima.

Viazi vya kula havitaki mwanga. Mtoto wa hapa Kibirichia hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Kiazi kikikaa kwenye mwanga hugeuka kijani na kuwa kichungu, na broka, yule mnunuzi wa lori, akikuta vichache tu vya kijani hukataa kubeba. Ndiyo maana stoo yetu haina dirisha. Mwaka ule ulikuwa darasa la tano, mvua zilikuwa zimetuhurumia, na stoo ilijaa mpaka nikawa naingia kwa ubavu. Wewe ukaona ni mahali pazuri pa kusomea. Ndani ya nyumba kulikuwa na kazi na sauti yangu. Stooni kulikuwa na kimya, magunia ya kuegemea, na ule ubao uliolegea ambao ukiusukuma kando unaleta mwanga unaotosha ukurasa. Ulisomea pale kila jioni baada ya shule, wiki tatu, ukirudisha ubao mahali pake ukimaliza. Jumamosi zote ulishinda humo na mimi nikidhani uko mtoni unafua. Jumapili ya mwisho ulichoka kuurudisha, ukabaki wazi siku nne.

Broka akaja, akaingiza mkono kwenye lundo, akatoa cha kwanza, cha pili, cha tatu. "Mama Kendi, hii imeshika kijani. Siwezi beba." Akaondoka na lori tupu mbele ya majirani. Nikaingia stooni nikitafuta mwanga umetoka wapi, nikakukuta nyuma ya magunia umekaa juu ya viazi, kitabu magotini, hata hukunisikia.

Sikukuchapa. Nimewahi kujisifu kwa hilo, eti sikukuchapa. Nilikunyang'anya kitabu, nikaenda kuleta nyundo, nikagongomea ule ubao misumari minne huku umesimama nyuma yangu. Kitabu nikakitia kwenye sanduku la bati, chini ya blanketi za wageni, na nikakwambia utakiona siku utakayojifunza thamani ya chakula.

Kilikuwa kitabu cha shule, cha lile kasha la vitabu la Mwalimu Mwiti. Wiki mbili zilipopita alikuuliza kiko wapi, ukamwambia kweli: Mama ako nayo. Jumamosi akaja nyumbani. Utakumbuka siku hiyo, maana uani kulikuwa na wanawake wa kanisa wapatao kumi, tunamenya viazi vya harusi. Akasalimia, "Muga," kama mtu wa heshima alivyo, halafu akasema mbele ya wote, "Mama Kendi, kuna kitabu ya shule. Huyu msichana anasema iko kwako."

Nikawatazama wale wanawake. Nikaona jinsi watakavyolibeba mpaka sokoni, kwamba mke wa fulani amemnyima mtoto kitabu kwa sababu ya waru, viazi tu. Nikasema, "Kitabu gani, mwalimu? Mimi sijaona kitabu."

Ulikuwa umesimama mlango wa jikoni. Ulinitazama mara moja, kisha ukachukua mtungi ukaenda kuteka maji ambayo hakuna aliyekutuma.

Jumatatu ulisimamishwa mbele ya paredi ya shule. Sikuwepo, lakini nilisimuliwa na mtoto wa jirani kabla hata hujafika nyumbani: mwizi wa vitabu, na tena muongo anayemsingizia mama yake. Ukakatazwa kasha. Ulimaliza shule ya msingi ukisoma karatasi za kufungia nyama na kalenda za duka la dawa za mifugo. Na hukuniambia neno. Si siku ile, si ulipokuwa na hasira za miaka kumi na sita, si hata ulipopata hii nafasi ya kwenda kusomea uandishi, siku ambayo mtu mwingine angenirushia usoni. Tumeliruka jambo hili miaka yote hii kama dimbwi la njiani, wewe upande wako, mimi upande wangu.

Misumari naweza kuieleza. Viazi vilikuwa ndiyo karo na ndiyo ugali wetu, na mkulima akikasirika ana sababu zake. Kosa langu ni ile sentensi moja ya uani, na siku zote zilizofuata ambazo ningeweza kuirudisha, nikaona ni rahisi zaidi kukununulia viatu. Nilikuonea haya mwanangu, nikakuacha ubebe aibu ambayo ilikuwa yangu. Nimeiandika sasa, iko hapa, na mkono haujakatika.

Najua ulidhani nilikichoma. Sikukichoma.

Ulipoenda sekondari ya bweni nyumba ilinyamaza. Siku moja nikafungua sanduku kutoa blanketi, nikakiona. Nikakichukua mpaka stooni, nikakaa palepale ulipokuwa umekaa, nikaacha mlango wazi kidogo, nikasoma. Kiswahili changu ni cha darasani na sokoni, kwa hiyo nilikwenda taratibu, ukurasa mmoja kwa muda unaotosha chai kupoa. Ni hadithi ya yule msichana wa nchi kame anayefuata nyuki kutafuta mzinga wa marehemu babu yake. Wewe unaijua. Karibu yote.

Maana nilipofika mbele nilikuta umekunja pembe ya ukurasa. Hapo ndipo nilipokunyang'anya. Nikahesabu zilizobaki, zikawa kurasa kumi na moja. Nilizisoma, Kendi, na nililia kuliko hadithi yenyewe ilivyotaka, kwa sababu nilijua ninazisoma badala yako.

Nyuma ya kitabu waliandika kwamba mwandishi ni mwalimu mstaafu anayeishi Kiritiri, Mbeere. Maneno hayo yaliniingia kichwani yakakataa kutoka. Kiritiri! Mahali ambapo mtu anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja akijikaza. Nilikuwa nadhani vitabu hutoka Nairobi, kama dawa. Nikakaa nalo miaka mitano hivi. Halafu, miaka mitatu iliyopita, niliwaambia nina mkutano wa akina mama Embu, nikaenda.

Sasa ucheke wewe. Nilikuwa nimejitayarishia nyumba yenye kibao mlangoni, meza, kalamu, picha ukutani, labda na kitabu cha wageni. Sweta yangu niliivua nikiwa bado Embu, na Kiritiri jua lilinichapa kama mtu anayenidai. Sokoni nilikuta mbuzi wengi kuliko watu na malori ya mchanga. Nikamuuliza mwenye duka la mbegu, nyumba ya mwandishi iko wapi. "Mwandishi? Hapa hakuna," akasema. Nikamtajia jina. "Aa, huyo ni mwalimu. Mwenye alikuwa na zile mbuzi nyeupe. Alishaenda. Mke wake yuko, shika hii njia."

Nilifika nikiwa nimekasirika. Niliona nyumba ya kawaida, na nyuma yake kibanda cha mbuzi. Mama Nyaga, mjane wake, alitoka akipangusa mikono. Nilimkabidhi kikapu. Akavigeuza vile viazi kimoja kimoja, akakubali kwamba ni vizuri, ndipo akaniuliza shida yangu. Nikamwambia nimekuja kuona mahali mumewe alipoandikia kitabu cha nyuki. Akanipeleka kwenye kibanda.

"Ni hapa," akasema. "Aliketi kwa hiyo gogo, debe ikakuwa meza. Kwa nyumba watoto walikuwa saba. Mimi niliwazuia huko, yeye akakimbilia mbuzi."

Nilisimama pale nikitazamana na beberu. Nilitamani kupiga picha nikaona haya. Hatimaye tukaketi kivulini akanipa uji wa mtama, na tukaongea, yeye Kimbeere chake, mimi Kimeru changu, Kiswahili kikitusaidia pale tulipopotezana. Aliniambia walishawahi kuja walimu wawili na msichana mmoja wa chuo.

"Wote huniuliza aliandikia wapi," akasema. "Hakuna hata mmoja amewahi niambia yeye alisomea wapi. Na huyo mzee, hiyo ndiyo alikuwa anataka kujua. Alikuwa anasema, sasa hii kitabu iko kwa nyumba ya nani, inasomewa wapi. Wewe ulisomea wapi?"

"Nyumbani," nikasema.

"Nyumbani ni kubwa."

"Kwa stoo ya viazi."

Alicheka mpaka akashika goti. "Hiyo angeipenda. Na ni nani alikuonyesha hiyo kitabu?"

"Binti yangu."

"Yeye alisomea wapi?"

"Hapo hapo."

"Mlikuwa mnasoma pamoja?"

Nikasema hapana. Akaniuliza mbona. Kendi, nimewahi kuulizwa maswali na chifu, na askofu, na daktari aliyeshika kisu, nami nikajibu. Hilo la Mama Nyaga sikuweza. Niliangalia uji. Yeye akaona, akaniacha, akanijazia kikapu ndengu, na kunisindikiza mpaka sokoni akinishika mkono kama watu tuliofahamiana tangu utoto.

Nilirudi nikijua mambo mawili matatu, na ndiyo ninayokupa, kwa kuwa niliyapata kwa nauli yangu. Ukienda mahali pale pako kumi na saba, meza itazame, haina ubaya. Lakini uliza ni nani aliyewazuia watoto. Mara nyingi jina lake halipo kwenye kibao, na mimi nakwambia bila yeye hakuna kitabu. Salimia anayefagia kabla ya anayekata tiketi. Usiende mikono mitupu, hata kama wazungu hawana desturi hiyo, beba angalau kitabu ukisomee pale, uketi, usikimbie kwenda mahali pengine ili tu upafute kwenye orodha. Na ukikuta ni kibanda cha mbuzi tu, usikasirike kama mimi. Nilipoteza karibu saa nzima ya mazungumzo mazuri nikiwa nimemkasirikia beberu.

Jambo lingine hulijui. Alhamisi iliyofuata, baada ya soko, nilipanda mpaka kwenye maktaba ya mjini Meru nikiwa na gambuti zenye tope. Nilikuwa nimepita mbele ya mlango ule miaka ishirini nikidhani ni wa watu waliokwisha kusoma. Nikazivua nje, nikaingia na soksi. Yule dada wa mezani akaniambia, "Mama, rudi uvae, hapa si msikitini," na mzee mmoja wa Maua, mwenye kofia yake ya kufuma na gazeti mkononi, akacheka kwa adabu akanisogezea kiti. Siku hizi huniwekea. Kadi yangu iko nyuma ya saa ya ukutani. Ulipokuwa unadhani ninachelewa sokoni Alhamisi, nilikuwa ninasoma. Kwa hiyo ninapokwambia utaweza huko uendako, sikupi moyo kwa mdomo tu. Milango ile inatisha ukiwa nje. Ukishaingia ni viti na watu, na wewe umeanza mapema kuliko mimi, na una macho makali. Sina wasiwasi na wewe hata kidogo.

Jumanne nilikwenda kwa Mwalimu Mwiti. Sasa ndiye mwalimu mkuu, amezeeka nywele tu. Nilimwekea kitabu mezani, nikamwambia kilikuwa kwangu siku ile alipokuja, na niliongopa mbele yake na mbele ya wanawake kumi. Alikigeuzageuza, akasema, "Mama Kendi, hiyo ni maneno ya zamani sana. Wacha niirudishe kwa kasha, iishe."

"Ulimsimamisha paredi," nikamwambia. "Mimi pia nitasimama paredi."

"Lakini hawa watoto hata hawamjui Kendi."

"Watamjua."

Akavua miwani akaipangusa muda mrefu. Kisha akasema paredi ni Ijumaa saa moja na nusu, na kwamba yeye pia atakuwa na la kusema, kwa kuwa alimwamini mtu mzima bila kumsikiliza mtoto. Nikamwomba kitabu nibaki nacho mpaka siku hiyo. Akanipa.

Kesho ni Ijumaa. Tunapita pale tukielekea Nanyuki, njia ya uwanja wa ndege. Baba yako nimemsimulia yote jana, akasema atasimamisha pikapu langoni na ndege haitatuacha. Wewe si lazima ushuke. Uliwahi kusimama pale peke yako ukiwa na miaka kumi, hakuna anayekudai kusimama tena. Kaa ndani ya gari ukitaka, lakini fungua kioo, kwa kuwa nitasema kwa sauti.

Chini ya orodha yako nimeongeza mstari kwa kalamu yangu, usinikasirikie kwa mwandiko: Kiritiri, kwa Mama Nyaga. Beba viazi. Ukirudi likizo tutaenda pamoja, nimpe lile jibu wewe ukiwa umeketi hapo.

Imekaribia saa kumi. Nikimaliza kuandika nitaiacha barua hii juu ya begi lako, ambapo huwezi kuikosa, nami nitakuwa kwa jirani nikichukua maziwa, na nitachelewa kwa makusudi.

Ubao nimeung'oa asubuhi. Misumari mitatu imetoka na kutu, wa nne umekatikia ndani. Viazi vya upande ule vitashika kijani, na usivifunike. Bwana shamba alitufundisha, wewe ukiwa umeshaenda bweni, kwamba kiazi cha mbegu hutakiwa kuwekwa kwenye mwanga mpaka kigeuke, ndipo kinachipua kwa nguvu. Mwaka ule wa broka nilivitupa vyote shimoni. Hivi nitavipanda Machi.

Kitabu kiko juu ya magunia, mahali pako. Pembe uliyoikunja sijaikunjua. Ni kurasa kumi na moja, na mwanga wa upande wa mlima hukaa hadi saa kumi na mbili na nusu. Nenda ukamalize.

Mama